Miguu ya Mdogo Wangu na Mabaraza Kumi na Moja

Nyumbani kwetu tuna wanene wa aina mbili. Wa kwanza ni mimi, mnene wa kujitakia. Unene wangu una ushahidi: urojo wa saa kumi, chipsi za kutoka skuli, na ule mkate wa kumimina ambao Bibi husema umebaki, kumbe kaupika kwa makusudi ili ubaki. Wa pili ni mdogo wangu, mnene wa kuzaliwa. Huyo hakuuomba. Kaja nao duniani, ukakaa kimya mwilini mwake miaka mitatu kama mgeni mwenye haya, halafu haya zikamwisha akaanza kudai chakula.

Ugonjwa wake una jina refu la kizungu. Mama hulitamka vizuri. Bibi hulitamka kama jina la meli. Sisi tunauita Njaa Isiyolala. Daktari alitueleza kwamba kuna kitu kidogo kilikosekana katika kuumbwa kwake, na kwa ajili hiyo kichwa chake hakipati ile habari tunayoipata sote baada ya sahani ya pili, kwamba basi, imetosha. (Mimi habari hiyo naipata. Huwa siijibu tu.) Alipozaliwa alikuwa mlegevu, kichwa kinaning'inia, hana nguvu hata ya kunyonya. Sasa ana miaka kumi na mbili, ana vijikono vidogo, vijiguu vidogo, na tumbo la mheshimiwa. Kabati letu la chakula lina kufuli, na ufunguo uko shingoni mwa Mama, usiku na mchana, hata akioga.

Tunakaa Mji Mkongwe, juu kabisa, ghorofa ya tatu. Ngazi zetu ni thelathini na nane, za mbao, zimesimama wima kama zilijengwa na mtu mwenye haraka ya kufika peponi. Ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia, na kati yake kamba ya kushikia iliyofungwa juu na kuning'inia hadi chini, imeng'ara kwa viganja vya watu waliokufa zamani. Kwa sababu ya ngazi hizo, dirishani tuna kikapu. Bibi humwita muuza samaki kutoka juu, wakagombana bei mtaa mzima ukisikia, kisha kikapu kikashuka na pesa, kikapanda na samaki changu.

Tangu miguu ya mdogo wangu ianze kuchoka, kikapu ndicho kilichokuwa kikitembea badala yake. Kasahau daftari kwa jirani? Kikapu. Anataka mkate wa ufuta? Kikapu. Siku moja alitaka kumwona paka wa duka la chini. Paka alipandishwa kwa kikapu, wallahi, tena alikaa kitako kama abiria aliyelipa nauli. Kutwa, mdogo wangu alishuka mara moja tu kwenda skuli, na alipanda mara moja tu kurudi, mimi nikimsukuma kwa nyuma. Sote tuliona huko ndiko kumpenda.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Baba yetu anafanya kazi Muscat na hurudi kila Sikukuu. Akipiga simu ya video, Bibi huibandika simu sikioni kama ya kawaida, akaanza kupiga kelele, "Mwananguuu! Mbona sikuoni? Huko kwenu giza?" Na Baba, huko aliko, anaona sikio. Nadhani hakuna daktari duniani anayelijua sikio la kushoto la Bibi kuliko Baba. Mimi nilikuwa na igizo la jambo hilo, kwa sauti, kwa shingo, kwa kukunja uso, kwa kila kitu.

Siku ile tunarudi skuli, sikumsukuma mdogo wangu. Nilitangulia. Tulipofika karibu na juu, ngazi ya thelathini, nikageuka, nikabandika kiatu changu sikioni nikalia, "Mwananguuu! Huko kwenu giza?"

Mdogo wangu akicheka hucheka na mwili mzima, na ule mwili una mengi ya kucheka. Nikaona magoti yanalegea. Mkono ukaacha kamba. Akaketi, kisha akateremka kwa makalio, ngazi saba, duf, duf, duf, mpaka kwenye kibaraza cha kupumzikia, ngazi ya ishirini na tatu. Hakuvunjika kitu. Lakini hakuweza kusimama. Nilimvuta, nikaita, Mama akavuta, hakusimama. Mwishowe wakaja wanaume wanne wa barazani chini na kiti cha plastiki, wakampandisha kama bwana harusi. Yeye mwenyewe alikuwa anapunga mkono.

Mama alikuwa hapungi. Uso ulikuwa umempauka kwa hofu.

"Ilikuwaje?" akaniuliza.

"Aliteleza."

Mdogo wangu akaniangalia, akaangalia dari, akanyamaza. Angeniumbua ningepona.

Wiki ile ile wazee wakaamua. Baba akija Sikukuu, mtoto apelekwe Mbweni kwa Shangazi, akakae huko. Nyumba ya chini, hakuna ngazi hata moja, kuna na ua wa kuchezea. Kwa kusikia tu ni jambo la busara. Lakini kwa Shangazi kuna friji mbili na hakuna kufuli hata moja. Shangazi ana roho nzuri mno, na huo ndio ubaya wake. Kauli yake ni moja: "Mtoto mpeni ale. Maradhi gani hayo ya kula? Huku kwetu hayajafika."

Nilimpelekea mdogo wangu habari kwa mzaha, kama kawaida yangu. "Unakwenda peponi weye. Friji mbili, hakuna polisi."

Alikuwa kitandani anachora basi. Hakuinua macho. "Dada, kule hakuna ufunguo."

"Si ndo raha?"

"Nitakula mpaka nife," akasema, kama mtu anayesema leo itanyesha. Akaendelea kupaka matairi rangi nyeusi.

Nilikwenda chooni nikafungulia maji.

Kabla ya Sikukuu kulikuwa na miezi mitatu. Mama, ambaye hakupenda uamuzi ule ila alikuwa anaogopa ngazi, akasema neno moja la kutupa matumaini: akiweza kupanda ngazi zote thelathini na nane kwa miguu yake, bila kusukumwa, bila kiti cha bwana harusi, mbele ya macho ya Baba, atabaki. Kisha akatupeleka hospitali kwa daktari wa viungo.

Daktari alikuwa mama wa Kipemba, mwembamba kama bakora, na mkali kama bakora vile vile. Alituonyesha kiti kisicho na mikono. "Kunja mikono kifuani. Nikisema haya, simama, kaa, simama, kaa, mpaka niseme basi." Mdogo wangu akaanza. Mara tatu nzuri, ya nne ya kuomba Mungu, ya tano haikufika.

"Haya, na weye," akaniambia.

"Mie siumwi, Daktari. Mie msindikizaji."

"Sikusema unaumwa. Nataka kulinganisha. Nyote wawili Mungu kawajaalia uzito."

Mama akakohoa kuficha kicheko. Nikakaa, nikasimama, nikakaa, nikasimama, na nilijionea fahari. Kisha Daktari akatoa kidude cha kupimia nguvu, akakibana kwenye muundi wa mguu wangu, akasema, "Sukuma kama unanipiga teke." Sikuombwa mara mbili. Nilimsukuma mpaka kiti chake cha magurudumu kikarudi nyuma kikagonga kabati.

"Lo! Mguu wa punda huu."

Kusema kweli nilifurahi. Ndiyo mara ya kwanza mguu wangu kusifiwa. Alipofika kwa mdogo wangu, mtoto alisukuma mpaka akang'ata mdomo, na kiti cha Daktari hakikutikisika. Alisukuma tena bila kuambiwa. Hapo nikaacha kufurahi.

Daktari akaeleza, na nitaeleza alivyoeleza yeye maana sijasikia mwalimu wa baiolojia akifundisha vizuri hivyo. Mtu mwenye unene wa kawaida, kama huyu punda, kila anaposimama ananyanyua gunia. Kutwa ananyanyua. Misuli ya mapaja inazoea, inakua. "Lakini usijitape," akaniambia. "Nguvu yako ukiigawa kwa uzito wako, yule msichana mwembamba unayekaa naye dawati moja anakushinda."

"Yule? Yule feni ikiwashwa anayumba, Daktari!"

"Anakushinda."

Kisha akamgeukia mdogo wangu, na sauti ikapungua ukali. Yeye misuli yake ilikuwa haba tangu tumboni. Anabeba gunia lile lile, lakini gunia halikumkuza mguu. "Dada yako ni gari la mizigo lenye injini ya lori. Weye ni gari la mizigo lile lile, ila umetiwa injini ya vespa."

Mdogo wangu akafikiri. "Vespa rangi gani?"

"Unayotaka."

"Nyekundu."

"Inatengenezeka, Daktari?" Mama akauliza haraka.

"Ya lori haiwi. Lakini injini ya mtu si chuma. Ikifanyishwa kazi huongezeka, ikikaa hupungua. Huko nyumbani anafanya kazi gani?"

Mimi nilikuwa namfikiria paka kwenye kikapu.

"Tunamhurumia," Mama akasema.

"Naona. Mnamhurumia mpaka miguu inakwisha."

Akampa mazoezi: kukaa na kusimama kila siku, kwanza kwenye kiti kirefu, kisha kifupi, kisha kifupi zaidi, na ngazi kidogo kidogo. Na chakula kibaki vile vile, kwa kipimo, kwa ufunguo.

Jioni ile kikapu kilistaafu. Bibi aliona anaonewa yeye. "Kikapu hichi kimempandishia marehemu babu yenu magazeti miaka ishirini!" Tukakubaliana kiendelee kwa samaki na mkaa, ila si kwa mdogo wangu wala kwa chochote chake. Paka naye aliambiwa atumie ngazi.

Tatizo likawa viti. Nyumbani tuna makochi ya aina moja, ukikaa unamezwa. Nani ana viti vya urefu mbalimbali? Nikachungulia dirishani na nikapata wazo ambalo, kwa siku chache, lilinifanya nijione nina akili kuliko ukoo mzima. Kichochoro kizima kina mabaraza! Kila nyumba ina lake, la mawe, kila fundi alijenga kwa urefu wa makalio yake. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kona ya bomba la maji ni mabaraza kumi na moja. La kwanza ni refu, unakaa miguu inaning'inia. La kumi na moja limedidimia kwa uzee, ukikaa magoti yanakaribia kidevu. Daktari mwenyewe asingepata bora. Kaa, simama, mara tano kila baraza, kisha twende la pili. Mimi ni msichana, sikai kwenye mabaraza ya wanaume. Nilisimama pembeni na buibui langu nikahesabu.

Jambo moja nililisahau, na aibu ni kwamba nimelijua tangu nazaliwa. Huwezi kukaa kwenye baraza la mtu ukaondoka hivi hivi. Ukikaa umeamkia, ukiamkia umekaribishwa, na ukikaribishwa unakula.

Baraza la kwanza kulikuwa na mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mtu ambaye amemjua mdogo wangu tangu amebebwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba! Leo umeshuka mwenyewe! Shika kachori."

"Hapana mzee, yumo kwenye mazoezi," nikasema.

"Mazoezi bila nguvu? Shika mbili."

La pili kahawa na kashata. La tatu haluwa, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. La nne bibi mmoja, mlangoni mwake, alikuwa amepanga visheti kwenye sinia kama alikuwa anatusubiri. Nilijaribu kueleza ugonjwa, injini, vespa, kila kitu. Wakatikisa vichwa kwa huruma, kisha wakampa kidogo tu. "Kashata si chakula, mwanangu," mzee mmoja alinieleza kwa upole, "kashata ni kashata." Mdogo wangu, ambaye mbele ya chakula hana hapana, alikuwa anakaa na kusimama kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana, maana mbele kila mara kuna baraza jingine.

Na mimi? Mimi nilikuwa namsaidia. Kila alichopewa nilikula nusu, ili asile chote. Hiyo ndiyo sadaka niliyoitoa kwa ajili ya ndugu yangu, kila siku, mabaraza kumi na moja.

Baada ya wiki saba Mama akatupeleka kwenye mizani ya duka la dawa. Akampima mdogo wangu, akasoma, akasoma tena. Akanipandisha na mimi.

"Mazoezi gani haya yanayonenepesha wawili?"

Ikabidi niseme. Mama hakunipiga wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi. Nshachoka. Aende Mbweni." Akashika ufunguo wake kifuani na kutangulia nyumbani, na sisi wawili tukamfuata nyuma kama mabata. Miguu ilikuwa imeanza kupata nguvu, hilo ndilo lililoniuma. Baraza la kwanza hadi la sita alikuwa anasimama bila kushika. Tulikuwa tunaharibu kwa mdomo tunachojenga kwa mguu.

Kilichotuokoa hakikuwa akili yangu. Ulionekana mwezi.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, baada ya alasiri, nikachungulia dirishani. Mabaraza yote kumi na moja yamejaa watu, na hakuna birika, hakuna sinia, hakuna gazeti lenye haluwa. Mji mzima midomo mikavu. Watu wamekaa na tasbihi zao wanaangalia kivuli cha ukuta kinavyotambaa, wanasubiri magharibi. Nilikimbia jikoni. Mimi nilikimbia, fikiria.

"Mama! Mwezi mzima hakuna mtu atakayempa kitu! Hata akitaka hana!"

Mama alikuwa anakanda unga wa kaimati. Akasimama, unga mikononi. Naona alikuwa anatafuta kosa. Hakulipata.

"Saa moja tu," akasema. "Na ukionja kitu weye, nitakujua."

"Mie nimefunga, Mama!"

"Ndo maana nikasema nitakujua."

Mdogo wangu hafungi, kwa amri ya Daktari. Hula kipimo chake ndani, mchana, na Mama hufunga kabati. Tukashuka. Kaa, simama. Moja, mbili. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulipanga. Wale watu walikuwa hawana la kufanya. Hakuna kahawa, hakuna kashata, soga zimekwisha tangu adhuhuri. Mzee wa duka la vitambaa, ambaye mkewe Muislamu alimsilimisha zamani na yeye ndiye mwenye kufunga kuliko wote, akaanza kuhesabu pamoja na mimi. Siku ya tatu baraza zima linahesabu. Siku ya saba walikuwa wanatusubiri.

"Haya, vespa! Washa!"

"Usishike goti! Nimeona, umeshika goti, hiyo haihesabiwi!"

"Ami, kashika kanzu tu!" nikamtetea.

"Kanzu iko juu ya goti, si ndo goti hilo?"

Wazee waliogombana miaka juu ya siasa na mpira sasa wanagombana kama mtoto amesimama wima au amesimama nusu. Baraza la tano lilidai kwao anasimama vizuri kuliko baraza la nne, kwa sababu wao wana adabu. Yule aliyesema kashata ni kashata akaleta mto akamwekea baraza la tisa, kisha kila siku mbili akauchomoa na kuleta mwembamba zaidi, kwa siri, kama mwizi. Mdogo wangu hakutambua. Mimi nilitambua, nikaendelea kuhesabu.

Baraza la kumi na moja lilimshinda mpaka kumi la mwisho la Ramadhani. Alikaa, akainama mbele, uso ukawa mwekundu, makalio yakapanda shibiri moja yakarudi. Siku ya ishirini na tano kichochoro kizima kilikuwa kimehamia konani. Akainama. Mapaja yakatetemeka kama feni mbovu. Akapanda, akapanda, akasimama. Kelele zilizopigwa, muadhini wa msikiti wa pale alituambia baadaye alidhani amechelewa kuadhini.

Sasa ngazi. Kila siku tukirudi alipanda, na kila siku alifika kile kibaraza cha ngazi ya ishirini na tatu akasimama. Mbele yake ni zile saba alizoteremka kwa makalio. Hapo alinyoosha mkono nyuma, nikaweka kiganja changu mgongoni mwake. Sikumsukuma. Niliweka tu. Lakini kuweka ni kuweka, na sharti lilikuwa peke yake. Sijui ilikuwa miguu au woga. Sikumwuliza, kwa sababu woga ule nilimpa mimi.

Baba aliwasili mkesha wa Sikukuu, na zawadi, na uamuzi ule ule. Tukamweleza habari za mabaraza, akacheka, akatubusu, akasema, "Nnataka kuona kwa macho yangu." Asubuhi, kabla ya kwenda kusali, akamwambia Bibi auteremshe kabisa mkoba wa nguo za mdogo wangu kwa kikapu, ukae dukani kwa mzee wa vitambaa, gari ya Mbweni ikija usishushwe kwa ngazi. Bibi aliachia kamba polepole kuliko anavyoachia pesa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yeye anasema ni moshi wa udi.

Baba na mdogo wangu waliporudi kutoka sala, tukajipanga. Mama na Bibi juu. Mimi chini pamoja na Baba. Mdogo wangu na kanzu mpya, kofia mpya, akanyanyua kanzu mkono mmoja, mwingine kamba, akaanza.

Kumi. Alikuwa anahema. Kumi na tano. Akasimama, akaendelea. Baba nyuma yake mikono mbele, kama mtu anayesubiri nazi ianguke, mimi nyuma ya Baba. Ishirini na tatu. Kibarazani.

Akasimama. Nikaona mkono unaanza kunyooka nyuma, ukitafuta kiganja changu. Kisha ukarudi. Akageuka akanitazama.

"Dada. Fanya ile ya sikio."

"Si sasa."

"Fanya. Au siendi."

"Ipi ya sikio?" Baba akauliza.

Basi. Nilikuwa nimeibeba siri ile miezi mitatu na mguu wangu wa punda ulikuwa umechoka. "Siku ile hakuteleza," nikasema. "Nilimchekesha mimi. Pale pale. Yeye hakuniumbua."

Juu, Mama alikuwa ananitazama na siwezi kusema ni kwa jicho gani, maana niliangalia viatu.

"Sikio gani?" Bibi akauliza kutoka juu. "Sikio la nani?"

Mdogo wangu alikuwa bado anasubiri, kashika kamba. Nikavua kiatu. Nikakibandika sikioni, nikakunja shingo, nikalia, "Mwananguuu! Mbona sikuoni? Huko kwenu giza?"

Baba ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wallahi ndilo! Sikio lenyewe!" Mdogo wangu akafuata, mwili mzima, mashavu, tumbo, mabega, mbao zikalia. Magoti yakaanza kutikisika. Niliyaona. Yalitikisika, yalitikisika, na yakakaa pale pale. Mkono ulikuwa umekaza kamba. Akafuta machozi kwa bega, akageuka, na akiwa bado anacheka akaweka mguu kwenye ya ishirini na nne. Kisha ya ishirini na tano. Hakuna aliyemgusa. Kwenye ya thelathini hakusimama hata kidogo. Thelathini na nane, akaanguka kifuani kwa Mama, na Mama akawa analia na ufunguo umemchoma mtoto shavuni.

Baba alikaa kwenye ngazi akaangalia mikono yake mitupu. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha akaniangalia. "Na weye tutazungumza." Hatujazungumza mpaka leo. Mama ndiye aliyezungumza, jioni, kwa ufupi: nisiseme tena aliteleza wakati hakuteleza.

Bibi alikuwa ameshafika dirishani. "Leteni mkoba wa mjukuu wangu!" Sauti ile ilifika Darajani. Chini wakashangilia baraza hadi baraza, mzee wa vitambaa akautia mkoba kikapuni, na sote tukavuta kamba, Baba na kanzu yake ya Muscat, mimi na kiatu kimoja. Kikapu kilipofika, juu ya mkoba palikuwa na sahani ya haluwa.

Mama akainama dirishani. "Mzee!"

"Sikukuu, mama! Kidogo tu!"

Mama akampa mdogo wangu kipande kimoja, akakifuata kwa macho mpaka kikamezwa. Iliyobaki akaifungia kabatini. Nilipumua. Kwa Shangazi pale pangekuwa na sahani ya pili, na ya tatu. Kisha Mama akajaza sahani ile kaimati, maana sahani ya jirani hairudi tupu.

"Nnaishusha mimi," mdogo wangu akasema.

Mama akaifikiria sahani, akamfikiria mtoto. Miguu imepata nafuu. Njaa haijapata na labda haitapata. Akanipa sahani mimi. "Weye beba. Yeye atembee."

Akatangulia, kanzu mkononi, kwa miguu yake. Nilipofika chini na sahani, jasho linanitoka, yeye alikuwa ameshakaa baraza la kwanza kati ya wazee, ananisubiri.

"Weka sahani," akaniambia. "Leo Sikukuu, wazee wamekuruhusu ukae. Kaa, simama. Mara tano. Na usishike goti."